Khadija Ashika Adabu

Imakulata alipoamua kwamba Muheza imemshinda, hakukaa na jambo hilo moyoni. Alilitangaza sokoni, ambako alikuwa akinunua machungwa kwa wakulima na kuyajaza kwenye magunia ya kupeleka Dar es Salaam. Alilitangaza nje ya kanisa baada ya misa, rozari ikiwa bado mkononi. Na kila asubuhi alilitangaza juu ya ua wa mabati uliotenganisha uwanja wake na uwanja wa Khadija, kwa sauti ambayo hata wapita njia waliifaidi.

"Watu gani hawa jamani!" alikuwa akisema. "Watu wanaamka alfajiri kwenda kukaa! Mtu anaoga, anavaa kanzu imenyooka pasi, anakwenda kukaa! Wapo barazani tangu chai ya asubuhi mpaka chai ya jioni, wanalinda ukuta usianguke. Ukimuuliza bei ya machungwa yake, anataka kwanza habari za nyumbani, za watoto, za goti lililokuuma mwaka juzi. Ukimaliza kujibu, lori limeshaondoka. Na nazi! Wali nazi, maharage nazi, samaki nazi, kisamvu nazi. Wallahi ipo siku watatia nazi kwenye maji ya kuogea."

Usithubutu kumkumbusha kwamba mbuzi yake mwenyewe ya kukunia nazi ilikuwa imechakaa mpaka meno yamekwisha, wala kwamba hilo "wallahi" hakulipata kwa padri. Imakulata alizaliwa hapo hapo, kwenye kambi ya shamba la mkonge nje kidogo ya mji. Babu yake aliletwa kutoka Unyamwezi enzi za manamba kuja kukata mkonge, na babu wa mumewe, Robert, vilevile. Kwa hiyo mtu na mumewe walikuwa Wanyamwezi, ingawa Kinyamwezi chao kilianza na salamu na kuishia hapo hapo kwenye salamu, na Tabora walikuwa wakiisikia tu kwenye taarifa ya habari. Hayo hayakumzuia kusema "sisi kwetu". Sisi kwetu watu wanafanya kazi. Sisi kwetu mtu akitaka kusema jambo analisema likaisha. Sisi kwetu asali inanywewa kama maji.

Kilichomtia wazimu hasa ni Robert kustaafu. Robert alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kuchuna nyuzi za mkonge, na muda wote wa kazi alikuwa mtu wa kuondoka gizani na kurudi na harufu ya utomvu. Alipostaafu akapumzika wiki ya kwanza, wiki ya pili akaonekana barazani. Akajifunza bao. Akaulizwa hali, akaitikia "alhamdulillahi". Imakulata aliposikia alhamdulillahi inatoka kwenye kinywa cha mumewe, aliweka chini gunia alilokuwa akilishona.

"Umekwisha, Baba Ritha," alimwambia. "Umeshakuwa Mswahili. Bado kanzu tu. Mimi na mwanangu tunakwenda kwetu, wewe baki hapa uhesabu kete."

Robert hakuwa mtu wa maneno. Mashine zilimzoesha kunyamaza. Lakini mke alisema asubuhi, akasema jioni, akasema akiwa anapakua chakula, mpaka siku moja Robert alimpigia simu ndugu yake wa ukoo, Zabron, anayeishi ndani huko ng'ambo ya Sikonge. Zabron alifurahi mno. Alisema shamba la babu lipo, halijaguswa, ukoo umelitunza ukingoja wenyewe. Waje walione kabla ya mvua, na kama wanalitaka wahamie. Kama hawalitaki waseme, wapewe wengine. Robert alipokata simu alikuwa na uso ambao Imakulata hakuwahi kuuona. Siku hiyo hakwenda kwenye bao.

Sasa tuseme habari za Khadija, maana bila yeye hapa hakuna cha kusimulia.

Khadija alikuwa Mzigua wa Mkwaja, kule pwani, aliyeolewa Muheza na kubaki hapo hata baada ya kufiwa na mumewe. Alikuwa akipika maandazi na kuuza. Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Hawakuanza wao wawili, walianza babu wa babu zao, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo ya watu na kupita katikati ya Uzigua. Na utani una sheria zake. Mtani akikutukana hununi. Akiingia jikoni kwako akabeba kuku hudai. Ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika, naye anakuja kukuchekesha huku unalia. Mama yake Imakulata alipofariki, Khadija aliingia msibani amevaa kitenge cha marehemu, anatembea kwa kuchechemea kama marehemu, anadai alipwe madeni ya ugoro. Waombolezaji walicheka mpaka wakashika mbavu, na Imakulata akapata nafasi ya kupumua. Halafu huyo huyo Khadija akapika, akaosha vyombo, na kulala kwenye mkeka na wafiwa mpaka tanga lilipoanuliwa.

Asubuhi zao zilikuwa hivi.

"We mpagazi!" Khadija alikuwa akiita kutoka upande wake wa mabati. "Umeamka? Nilidhani mzigo umekulalia."

"Nimeamka, namtazama mtu aliyeuzwa enzi za njaa kwa kibaba cha mahindi anafagia uwanja. Fagia vizuri, bwana wako anakuja kukukagua."

"Afadhali mimi niliyeuzwa, maana nilionekana nina bei. Wewe nani angekununua na hilo bichwa? Kichwa chenyewe kimekuwa bapa kwa kubeba pembe za ndovu za watu."

"Bapa lakini kina akili. Chako duara, ukikitikisa kinalia kama dafu."

Ndiyo salamu hizo. Wakishamaliza, kila mmoja alikwenda kwenye shughuli zake moyo mweupe. Na Khadija alipoanza kusikia habari za kuhama, alizipokea kwa mtindo huo huo. Tabora! Watakupokea kwa furaha, alisema, wapagazi wamepungua. Tabora watakulisha panya wa shambani, nawe utasema asante. Imakulata alijibu kwamba heri panya wa Tabora kuliko andazi la Mzigua, maana panya ana nyama. Kila mmoja alikuwa anasema maneno, na hapakuwa na aliyeamini.

Wakaenda basi: Robert, Imakulata na binti yao wa mwisho, Ritha, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne. Walibeba gunia la machungwa na nazi kadhaa. Naam, nazi. Imakulata alisema ni za kuwaonyesha tu.

Walipofika walipokelewa vizuri kupita kiasi, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Wanawake wa ukoo walitoka wakapiga magoti, wakasalimia kwa sauti za chini, macho wameyainamisha. Wakapokea gunia kwa mikono miwili. Wakaleta maji ya kunawa, wakaleta asali, wakaleta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kisha wakakaa pembeni, kimya. Kimya kweli kweli. Imakulata alitazama huku na huku.

"Kuna msiba?" alimnong'oneza Robert.

"Ndiyo heshima hiyo," Robert alisema.

Heshima! Imakulata alikuwa amekuja kutafuta watu wa kusema mambo yakaisha, akapata watu wasioyaanza. Alidharau kimya chao. Alidharau njia zao za mchanga na misitu yao isiyokwisha, alidharau ugali mgumu uliokuja na mboga isiyojua nazi ni nini. Sisi kwetu, alianza kusema, akashtuka kwamba sasa "kwetu" ilikuwa imegeuka upande wa pili. Akaimeza pamoja na tonge.

Lakini Robert alikuwa na mambo yake. Zabron alimchukua akamzungusha shambani. Wazee walimwita kwa jina la babu yake. Wakamwonyesha mti ambao babu aliutundikia mzinga wake wa nyuki kabla ya kuchukuliwa kwenda kukata mkonge. Robert alisimama pale muda mrefu, kofia mkononi, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Maisha yake yote alikuwa mtoto wa kambi. Hakuwahi kusimama mahali ambapo mtu angemwambia hapa ni pako.

Jioni ya siku iliyofuata walichinjiwa mbuzi. Mkuu wa nyumba alikuwa shangazi Bertha, mama mzee wa ukoo ambaye wanaume wenye mvi walikuwa wakimsogelea kwa kuinama. Chakula kikaletwa. Nyama ilikuwa ya kutosha, mbuzi alikuwa mnono, hapakuwa na ubaya wowote. Ila Imakulata alikuwa amenyamaza siku mbili nzima, na kwa mtu kama yeye hayo ni maradhi. Akaona sasa ni wakati wa kuchangamsha. Akawachangamsha kwa njia aliyoijua.

"Shangazi Bertha!" alisema kwa sauti ya juu ya uani. "Kumbe ubahili wa Robert ameurithi hapa! Mbuzi mwenyewe mmemchinja kwa uchungu hivi, naona mpaka sasa mnamsomea rambirambi. Na huyu mbuzi alikufa mwenyewe au mlimsaidia? Maana Wanyamwezi nyinyi nawajua, mnakula mpaka kamba aliyofungiwa!"

Akacheka. Alicheka peke yake.

Hakuna aliyekasirika, ingekuwa afadhali. Wanawake waliangalia mikeka. Zabron aliacha mkono kwenye bakuli. Ukoo mzima ulikuwa Wanyamwezi, hakuna Mzigua hata wa dawa, hakuna mtani wa kulidaka neno lile na kulirudisha, kwa hiyo neno lilibaki hapo katikati ya sinia jinsi lilivyo: tusi la mke wa kuolewa dhidi ya mama mzee wa ukoo, mbele ya chakula chake. Imakulata aliona mambo yameharibika, akajaribu kuyatengeneza.

"Mbona mmenuna kama Waarabu waliopotelewa na mizigo? Rudisheni basi! Nitukaneni na mimi!"

Shangazi Bertha alinawa mikono taratibu. Alimgeukia Robert, akamuuliza kwa upole wote wa dunia, "Mwanangu, mkeo anaumwa? Kama anaumwa semeni, zahanati haipo mbali."

Robert aliomba radhi. Alipiga goti, Robert yule yule aliyestaafu na mvi zake, akaomba radhi kwa ajili ya mkewe. Radhi ikakubaliwa. Kuanzia hapo wanawake walimhudumia Imakulata kwa uangalifu, wakisema naye polepole, kama anavyosemeshwa mtu mwenye homa. Ritha alikuwa akifunika uso kwa kanga asionekane akicheka.

"Mama, huku hakuna utani," alimwambia walipokuwa wawili tu. "Huku ukitukana umetukana."

"Nyamaza. Hawajachangamka tu."

"Basi turudi."

"Nani kasema turudi? Mimi ndiye niliyesema tuje!"

Hapo ndipo penyewe. Imakulata alikuwa amesema. Alikuwa amelisema sokoni, kanisani na juu ya mabati, kwa Muheza nzima. Mtu mwenye mdomo kama wake hawezi kurudi akasema nilikosea, angeanzia wapi? Angalau kama Robert angekataa, angemlaumu yeye maisha yake yote na kukaa kwa raha. Lakini Robert, safari nzima ya kurudi, alikuwa akiangalia nje ya dirisha la basi na kutabasamu. Walipovuka Korogwe alisema, "Mama Ritha, ulikuwa na haki. Nilichelewa kukusikiliza." Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwambia hivyo, na sasa maneno hayo yalimfungia njia ya kurudi nyuma.

Walifika nyumbani jua limepanda. Imakulata alitua mizigo, hakunywa hata maji, akaenda moja kwa moja kwenye mabati. Alikuwa amebeba matusi ya njia nzima. Alikuwa na kiu.

"We Mzigua! Bado hujafa?"

Khadija alikuwa akigeuza maandazi. Alifuta mikono, akanyanyuka, akaja mpaka kwenye mabati na kutabasamu.

"Karibuni sana, Mama Ritha," alisema. "Poleni na safari. Shemeji hajambo? Binti hajambo? Alhamdulillahi."

Imakulata alidhani ni mtego. Alingoja. Hakukuja kitu.

"Umeumwa na nini?" aliuliza. "Umekula andazi lako mwenyewe?"

"Mimi mzima, dada yangu. Shemeji alipiga simu barazani, nimesikia mambo yamekwenda vizuri, amepata shamba. Mungu awatangulie."

Dada yangu! Imakulata alirudi ndani, akakaa juu ya gunia.

Hivyo ndivyo Khadija alivyoshika adabu. Asubuhi alisalimia kwa adabu. Jioni aliuliza hali kwa adabu. Imakulata alipokwenda kwake kwa makusudi na kuchota maandazi matano bila kuuliza, kama alivyozoea, Khadija alileta sahani, akampangia vizuri, akamwongeza na la sita. Alipotukanwa babu zake alisema, "Ndiyo, dada, wazee walipata taabu sana." Imakulata alimwita mchawi, akajibiwa asante. Alimwita mwizi wa kuku, akaletewa kiti. Na kiti chenyewe Khadija alikifuta vumbi kwa upindo wa kanga yake. Kiti! Kwenye nyumba ambamo siku zote alikuwa akijitupa chini kwenye mkeka na kupanua miguu!

Mwisho hakuweza tena.

"Khadija, nimekukosea nini?" alimuuliza, safari hii bila tusi.

"Hujanikosea kitu."

"Mbona unanisemesha kama karani wa wilaya?"

Khadija alipuliza moto. "Mama Ritha," alisema, "utani ni wa mtu unayeishi naye. Nikikutukana leo ni kwa sababu kesho nitakuona. Wewe una kwako, unakwenda kwako. Mgeni anayepita hatukanwi. Anapewa maji, anasindikizwa. Ndivyo tulivyolelewa sisi Mkwaja." Kisha akaongeza, macho yakiwa kwenye kuni, "Au huendi?"

Alimpa nafasi, mwanamke yule. Alimfungulia mlango mpaka mwisho. Na Imakulata, kichwa chake kile, akasema, "Nani kasema siendi?"

"Basi safari njema," alisema Khadija.

Nyumba ikapata mnunuzi kabla hata mvua hazijakaribia. Bwana mmoja kutoka Arusha, anaitwa Methusela, alikuwa akitafuta pa kuishi karibu na biashara ya matunda. Robert alimzungusha nyumbani kwa unyenyekevu wa mtu anayetoa kitu chake cha pekee. Akamwonyesha kisima, akamwonyesha miti ya machungwa nyuma, akamfungulia vyumba kimoja kimoja kwa bunda la funguo. Imakulata aliwafuata kwa nyuma, mikono kifuani, akimdharau bwana yule kwa kila alichogusa. Anagonga ukuta, eti anajua kuta. Anachungulia chooni na miwani yake. Anauliza kama kuna joto. Hapa Muheza, eti kuna joto! Viatu vyake vilikuwa vinang'aa namna ambayo mtu wa kazi hawezi kuwa navyo. Huyu ndiye atakayelala chumba ambamo Ritha alizaliwa, alifikiri, na atakuwa analalamikia mbu.

"Na majirani?" aliuliza Methusela walipotoka uani. "Samahani, mzee, nauliza kwa sababu ya familia. Nimesikia watu wa huku wana maneno."

"Majirani ni watu wema," alisema Robert.

Na kama aliyeitwa, Khadija akaingia kwenye kilango cha mabati na sinia. Alikuwa amevaa kanga mpya doti nzima, ushungi umekaa sawasawa. Kwenye sinia palikuwa na chai ya maziwa na maandazi yamefunikwa kwa kitambaa cheupe. Akamkaribisha mgeni, akampa kikombe cha chai. Akamwambia Muheza ni mji wa amani. Methusela akauliza, kwa kutaka kusema lolote, kama alikuwa jirani wa siku nyingi wa mama huyu.

"Siku nyingi sana," alisema Khadija. "Tutampoteza mtu. Mama Ritha ni mpole, ana maneno mazuri, hajawahi kumkwaza mtu yeyote hapa mtaani. Tutamkumbuka daima."

Methusela alitikisa kichwa kwa heshima. Robert alitazama chini. Ilikuwa sauti ile inayosomewa wasifu wa marehemu, pale jeneza linapokuwa tayari mbele, na Imakulata alijiona yumo ndani yake, amefungwa taya, anasifiwa upole na hawezi kujibu. Alimtazama Khadija usoni. Sura ya Khadija ilikuwa imetulia kama sura ya mtu aliyebeba sinia tu, lakini vikombe vilikuwa vinagongana.

"Mpole nani?" alisema Imakulata.

"Mama Ritha, tuna mgeni," Khadija alisema.

"Mgeni huyu hapa, mwenye viatu! Mimi si mgeni wa mtu! Mpole nani, nauliza? Mimi nikukwaze mara ngapi ndiyo ukwazike, muongo mkubwa we! Unasimama uani kwangu unanizika na macho makavu, na chai ya maziwa! Tangu lini wewe ukaweka maziwa kwenye chai, bahili, wewe unayepaka chai rangi kwa majani ya juzi!" Sauti ilikuwa imepanda mpaka barazani wanaume waliacha kete zao. "Sikiliza, Mzigua. Nimekwenda Tabora. Nimewaona. Watu wazuri, watu wa heshima, nilitaka kufa. Niliwatukana, wakaniuliza kama naumwa! Siendi. Umesikia? Niliposema nitakwenda nilisema mimi, na sasa nasema mimi siendi, na atakayecheka acheke!"

Khadija alilitua sinia chini taratibu sana, juu ya ngazi. Alinyanyuka, akajifunga kanga kiunoni, akavua ushungi. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni naye wala hayafuti.

"Ulikuwa wapi kusema?" alifoka. "Ulikuwa wapi, mpagazi usiye na haya, shetani wa kambini! Wiki nzima nakuwekea sahani, nakufutia kiti kwa kanga yangu, kiti kinanuka mpaka leo! Mate yamenikauka kwa kukuita dada! Mimi nikuite dada wewe? Dada yangu ana shingo! Eti Tabora watu wa heshima. Walikuona wakadhani mzigo umerudi bila mpagazi! Na wewe, Robert, fundi wa vyuma vibovu, unauza nyumba, hiyo nyumba? Nyumba yenyewe imesimama kwa sababu mchwa wameshikana mikono!"

"Mchwa wenyewe walitoka kwako wakikimbia njaa!" Imakulata alimjibu, naye analia waziwazi, anacheka, pua inamtoka kama mtoto. Walikuwa wameshikana mabega, kila mmoja anamtikisa mwenzake na kumtukana bibi yake.

Methusela alikuwa amerudi nyuma mpaka karibu na gari, kikombe kingali mkononi. Ritha alikuwa mlangoni, amejiinamia kwa kicheko.

Robert alisimama katikati ya uwanja. Alikuwa ameshika funguo, na hakuzitazama. Mbali huko ng'ambo ya Sikonge palikuwa na mti wa babu yake, na wazee waliokuwa wakimngoja kwa jina lisilo lake, na hakuna mtu hapo uani aliyemuuliza. Mkewe alikuwa amesema tuhame, naye Robert akahama moyoni. Mkewe amesema hatuhami. Alimchukia kidogo. Alimtazama akitikiswa mabega na Mzigua yule, uso umelowa, hajamwona na furaha namna ile tangu watoke Tabora. Wala huko Tabora hakumwona nayo hata siku moja. Akaziingiza funguo mfukoni.

"Mzee," Methusela alisema kwa sauti ya chini, akimsogelea, "samahani, hawa akina mama wamegombana nini? Tuwaamue?"

Robert alimpokea kikombe.

"Hapana, bwana," alisema. "Wanasalimiana."